Chanuo la Haula

Dumu lilitoa mlio: pu.

Adhana ilikuwa bado, na Bi Chamima alikuwa amelala macho wazi akiusubiri mlio huo. Kila ubaridi wa alfajiri unapopenya chini ya mlango, dumu lile kuukuu la pembeni hubonyea kidogo ubavuni, kisha hujirudisha lenyewe, kama mtu anayepiga ulimi. Madumu mengine ya nyumba ile hayakuwa na tabia hiyo. Hili liliungua bega siku mji ulipoungua. Plastiki yake ikalainika, ikalegea, na tangu hapo halitulii.

"Nimesikia, Haula," akasema polepole. "Naamka."

Kwenye mkeka wa pili mjukuu wake Zuleica akajigeuza. "Bibi, unaongea na nani?"

"Na mke mwenzangu."

"Mke mwenzako si mimi?"

"Basi kama ni wewe, inuka tukateke maji. Umekuja kula chakula cha mume wangu bure?"

Zuleica akacheka, akainuka. Alikuwa na siku tatu tu tangu afike Mocímboa, mji wa bibi yake huko pwani. Alitoka mji wa Nampula, anakosomea design, yaani kuchora vitu vya kutangazia: vibao vya maduka, karatasi za sabuni, majalada ya vitabu. Mwalimu wake alikuwa amewapa kazi ya likizo. Kila mmoja alete alama arobaini zilizochorwa na watu wasiowahi kufundishwa kuchora, na asiyeleta hapiti somo hilo. Siku mbili binti alizunguka mjini na daftari lake, akarudi na vumbi la miguuni tu.

"Hakuna kitu huku, bibi," alisema jana yake, karibu kulia. "Vibao vya simu, vibao vya mashirika. Vingine vyote vimeungua."

Bi Chamima akachemsha maji. Alimkandia mjukuu wake miguu kwa maji ya chumvi, wakalala.

Asubuhi hiyo wakabeba madumu matatu hadi kwenye pampu. Pale kwao dumu ndilo linalopanga foleni. Mtu huliweka kabla ya sala ya alfajiri, akarudi nyumbani kusali, na hakuna anayethubutu kulisogeza dumu la mwenzake. Kwa hiyo kila nyumba ina alama yake, imechorwa kwa rangi iliyobaki ya boti au kwa msumari wa moto. Walipomaliza sala na kurudi, mwanga ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Madumu yalikuwa yamejipanga hamsini kasoro, ya njano, kimya, kila moja limegeuza alama yake upande mmoja.

Zuleica akasimama kama aliyepigwa na kitu.

"Bibi! Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Madumu haya."

Binti akachuchumaa kwenye tope, akafungua daftari. Alichora gurudumu la Chaquir, fundi baiskeli, lenye spoki tano tu kwa sababu rangi ilimwishia. Akachora ufunguo, akachora samaki asiye na mkia. Akachora jicho kubwa lenye kope, akamuuliza mwenye nalo, Mama Tatu, kwa nini jicho.

"Nimeibiwa dumu mara tatu," Mama Tatu akasema. "Sasa nimewawekea jicho. Aje aibe huku anatazamwa."

Abdurrazaque, msimamizi wa pampu, akajitokeza kifua mbele. "Binti, nichore na mimi. Sura ninayo."

"Vitu vichakavu hachori," Mama Tatu akamjibia, na wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Abdurrazaque akaanza kuita. Alikuwa haiti majina ya watu, aliita alama. "Nyota! Ufunguo! Samaki!" Kila mmoja akajitokeza na kupampu. Kisha akaita kwa sauti ya chini zaidi, "Chanuo."

Kicheko kikakatika. Bi Chamima akasogea mbele na lile dumu lililoungua bega. Wanawake wakampisha. Abdurrazaque akashika mpini wa pampu mwenyewe, jambo asilomfanyia mtu mwingine, akalijaza pole pole, akalifunga, akamtwisha. Mama Tatu akamwekea kata kichwani vizuri. Bi Chamima aliziona fadhila hizo kila mara, na kila mara ulimi ulikuwa mzito kuwashukuru.

Hakulipeleka nyumbani. Alikata uchochoro, Zuleica nyuma yake, mpaka kwenye kiwanja kilichobaki ukuta mmoja na ngazi mbili za mlangoni. Pembeni ya ukuta palikuwa na mtungi, umefunikwa kwa kifuniko cha mbao chenye alama ile ile ya chanuo. Bi Chamima akaujaza maji, kisha akasimama mbele ya zile ngazi akajitanda kanga vizuri, kama mtu aliyefika kwenye nyumba nzima.

"Hodi," akasema. "Haula, hodi. Hodi mwenyewe."

Upepo ukapitisha majivu ya zamani. Zuleica akamshika bibi yake mkono.

"Bibi, Haula ni nani?"

Wakakaa kwenye ngazi. Bi Chamima alizungumza akiutazama mtungi.

Haula alikuwa jirani yake miaka thelathini; kuitana mke mwenza ulikuwa utani wao tu. Wazazi wake walitoka Mtwara, na alikuwa akikaanga mandazi pale pale uani. Alichora chanuo kwenye vyombo vyake vyote: meno sita, la tatu limevunjika nusu, kwa sababu chanuo lake la kichwani ndivyo lilivyokuwa na alikataa kununua jingine. Mwaka ule wa elfu mbili na ishirini, mji uliposhambuliwa, walikimbia wawili wakajificha kwenye mikoko. Walikaa humo tangu asubuhi, jua likiwachoma.

"Mimi ndiye niliyesema," Bi Chamima akasema. "Nilisema, Haula, kiu itaniua. Yeye hakulalamika. Akaniambia, usitoke hapa, nakuletea. Akashika dumu lake akaenda. Nilingoja mpaka maji ya bahari yakanifika kiunoni."

"Hakurudi?"

"Miaka miwili baadaye tuliporudi sote mjini, nililikuta dumu hapa uani, limelala. Kwa hiyo alifika nyumbani. Baada ya hapo sijui. Hakuna aliyemwona hai, hakuna aliyemwona maiti."

Ndipo akaanza kumletea maji. Mwanzoni yalikaa tu, yakaingia sisimizi, akayamwaga na kutia mengine. Lakini tangu Ramadhani iliyopita mambo yakabadilika. Akija, anakuta maji yamepungua, na kifuniko kimerudishwa mahali pake. Mbuzi hafuniki mtungi. Halafu asubuhi moja, alipopiga hodi, alisikia kikohozi nyuma ya ukuta, kikavu, mara mbili. Haula alikuwa akikohoa hivyo hivyo kwa moshi wa mafuta.

"Hukuchungulia?"

"Sikuchungulia."

"Kwa nini, bibi?"

Bi Chamima akafikiri. "Niliogopa asiwe yeye."

Zuleica akafungua daftari lake. Kisha akasema, "Naweza kulichora chanuo lake?"

"Chora. Ila usilirekebishe jino."

Kutoka siku hiyo binti akawa hakamatiki. Macho yalikuwa yamefunguka. Aliona alama kwenye makasha ya samaki, kwenye vizibo vya chupa vilivyoning'inizwa mlangoni, kwenye viraka vya maturubai, kwenye namna mzee mmoja alivyofunga mlango wake kwa kamba yenye mafundo matatu. Alikuwa akirudi jioni na hamu ya kula, akieleza mdomo umejaa. Bi Chamima alifurahi kumwona hivyo. Hata hivyo aliendelea kulala macho wazi.

Siku ya nne tangu asubuhi ile ya pampu, baada ya alasiri, Zuleica akamwekea daftari mapajani. "Thelathini na nane, bibi. Zimebaki mbili. Hebu tazama."

Bi Chamima akavaa miwani, akafunua kurasa taratibu kwa kidole alichokilamba. Alicheka alipoliona jicho la Mama Tatu. Akalikuta chanuo la Haula, jino limevunjika nusu, akaligusa. Akafunua tena, akakuta chanuo lingine. Hili lilikuwa na meno sita mazima.

"Nilikuambia usirekebishe."

"Sijarekebisha. Hilo ni lingine. Limepakwa kwenye beseni, kule wanakoanika samaki. Mwenye beseni hakuwepo, nikachora tu."

Bi Chamima akayahesabu meno yale tena kwa kidole, moja moja. Hakuna nyumba nyingine iliyokuwa na chanuo. Kama Haula alipata chanuo jipya huko alikokuwa, si angelichora zima? Kama alikuwa anaona haya kurudi, au ana ugonjwa, au kuna jambo lililomfunga mdomo, si angepita kunywa maji alfajiri na kwenda zake? Mambo hayo yote yalimpita kichwani kwa mara moja. Akasimama bila kuvaa viatu sawasawa.

"Bibi, ngoja!"

"Twende. Twende kabla hawajaondoka."

Alitembea upesi hata Zuleica akawa anakimbia. Kwenye chanja za kukaushia samaki moshi ulikuwa umetanda, na wanawake waligeuza dagaa wakiimba kwa kuitikiana. Beseni lilikuwa pale, la bluu, na chanuo jeupe ubavuni. Aliyeinama juu yake alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu, mikono mipana. Hakuwa Haula. Haula alikuwa mfupi, na sasa angekuwa na miaka sitini.

Mwanamke akainua kichwa. Alipomwona Bi Chamima alirudi nyuma hatua mbili, akaziba mdomo.

"Ni wewe," akasema. "Kumbe wewe ni mtu."

Alijitaja jina lake: Graça, kutoka kijiji cha Awasse. Kwao palichomwa, na sasa alikuwa akiishi kwenye vibanda vya wakimbizi mwisho wa mji. Alizungumza haraka kama anayejitetea mahakamani.

"Mama, sikuiba. Siku yangu ya kwanza kwenye pampu waliniuliza, alama yako ipi? Sikuwa na alama, sikuwa na dumu. Hawakunifukuza, niliona haya mwenyewe. Nikipita alfajiri kuja huku kwenye samaki, nikaona mtungi kivulini. Nikajua ni maji ya wapita njia. Nikanywa. Halafu siku moja nikiwa pale ukaja wewe, umejitanda, unamwita mtu kwenye nyumba isiyo nyumba. Nywele zilinisimama. Nikajificha nyuma ya ukuta."

"Ukakohoa," Bi Chamima akasema.

"Nilikohoa. Ni moshi huu, mama. Kifua changu kibovu."

Akakohoa hata sasa, kikavu, mara mbili.

Bi Chamima akanyoosha mkono kutafuta pa kushika. Graça alikuwa wa kwanza kuona. Alivuta kigoda, akakwangua magamba ya samaki kwa kisu, akakipangusa kwa kitenge alichokivaa, akamkalisha. Zuleica akapiga magoti kando, daftari kifuani.

"Bibi, nisamehe. Ningejua nisingelichora."

"Wewe umekosa nini? Umeona kilichopo."

Wanawake wengine waliacha kuimba, mmoja akasogeza moto ili moshi usimwendee mgeni. Bi Chamima alimkumbuka Haula akiinuka kwenye mikoko, akikunja kanga yake magotini ili isilowe. Miezi yote hii, tangu kikohozi kile cha nyuma ya ukuta, alikuwa akilala na neno moja: kwamba Haula alikunywa, kwamba hana kinyongo. Sasa hakuwa nalo.

"Mbona umechora alama yake?" akauliza hatimaye.

"Huku mabeseni yanachanganyika, mama. Sikuwa na alama. Niliiona hiyo kwenye kifuniko cha mtungi, nikasema mwenyewe hayupo, hatanikataza. Ila niliona jino moja limebanduka rangi. Nikaona si vizuri kubeba alama ya mtu ikiwa na pengo, nikalijaza." Akatazama uso wa bibi. "Nimekosea? Nitalifuta sasa hivi." Akashika kisu.

Bi Chamima akamshika mkono. "Acha. La Haula lina pengo. Hili zima ni lako."

Zuleica akafuta macho, akafungua ukurasa wa chanuo zima. "Dada, naomba ruhusa yako nilichukue hili. Niandike jina gani chini?"

Graça akamtazama kana kwamba haamini kuwa anaulizwa. "Graça," akasema, na akaliangalia jina lake likiandikwa mpaka herufi ya mwisho.

Kisha akamgeukia Bi Chamima. "Mama, nikuambie. Nami nina mama yangu aliyebaki kule njiani. Ukimwita yule mtu wako, nami humwita wangu moyoni. Siku moja nilitaka kukuitikia."

"Kwa nini hukuitika?"

"Niliogopa utafurahi, halafu uone ni mimi."

Bi Chamima akamtazama Graça kwa mara ya kwanza sawasawa: magamba kwenye nyusi, macho mekundu kwa moshi. Akanyoosha mkono, akambandua gamba moja. Haula alikuwa bado hajarudi, na kesho alfajiri hakujua angelibeba dumu lile aende nalo wapi. Akamwegemea mjukuu wake, wakaanza kuondoka.

Walikuwa wamefika penye mchanga mkavu waliposikia hatua nyuma yao. Graça alikuwa ameacha samaki wake. Alisimama mbali kidogo, mikono ameifuta kwenye kitenge, kifua kikimpanda na kushuka.

"Mama! Najua sasa hutapita tena pale mtungini, maana umejua ni mimi. Lakini njoo tena. Hata bila maji, njoo tu. Nimezoea kukusikia."