Migomba Katika Kasri

Mwaka 1954, Mwalimu Nderitu alikuwa akiandika riwaya kuhusu kasri la mfalme wa Uingereza wa karne nne zilizopita. Alifundisha watoto wa vibarua katika shamba la ngano karibu na Njoro. Mke wa mwenye shamba alimwazima vitabu vya historia, naye hakuandika jambo ambalo hakulisoma. Alijua mishumaa ya kasri ilitengenezwa kutokana na nini, na nani aliyeonja chakula kabla ya mfalme.

Sura moja ilimkwamisha. Makabaila wanne wanaapa kwa siri kumwua mfalme. Vitabu vilisema waliapa, havikusema vipi. Nafasi hiyo ilikaa tupu kwa miezi. Mwishowe alimwuliza jirani yake Gachanja, mkamuaji wa ng'ombe, watu huapa vipi. Gachanja alifunga mlango, akamweleza yote. Nderitu akaandika kama alivyosikia.

Msako wa polisi ulifika asubuhi, wakati wa kukamua. Koplo Kemboi alizitoa karatasi sandukuni, akasoma akiwa amesimama uani.

"Mwalimu, hawa mabwana wanapita chini ya upinde wa migomba. Mara saba."

"Ni Uingereza, afande. Zamani."

"London kuna migomba?"

Askari wakacheka. Kwa Nderitu, lilikuwa swali sahihi.

"Na nyama mbichi ya mbuzi! Ngoja nimwambie inspekta wetu Mzungu chakula cha babu zake."

"Nilibuni."

Kemboi akaacha kucheka. "Wewe? Mtoto akikosea tarehe moja unamchapa. Haya mambo kuna mtu alikwambia. Nipe jina lake, ulale kwako leo."

Kutoka zizini mikebe ya maziwa iligongana. Mugure, mke wa Nderitu, aligeuza uso upande huo, kisha akauinamisha haraka. Mtoto alikuwa mgongoni mwake.

Nderitu aliijua sheria. Aliyekula kiapo cha wapiganaji wa msituni alipelekwa kizuizini. Aliyelisha wengine alinyongwa. Na Gachanja alikuwa amemweleza maneno ya mlishaji, neno kwa neno.

"Nilikula mwenyewe," alisema.

"Baba Njeri!" Mugure alisema. "Unasema nini?"

"Nyamaza, mama," Kemboi alisema. "Ulilishwa na nani?"

"Simjui. Ilikuwa Olenguruone, kabla watu hawajafukuzwa."

Kemboi alimkazia macho. Olenguruone ile haikuwa na mtu wa kuulizwa tena. Nyumba zilichomwa, wenyewe wakatawanywa.

"Umechagua mahali pazuri, mwalimu."

Walimfunga pingu, wakampandisha lori. Kemboi alikaa mkabala naye, karatasi magotini, akisoma huku midomo ikicheza. Walipopita zizi, Gachanja alikuwa ameinama chini ya ng'ombe. Hakuinua kichwa.

Karibu na barabara kuu, Kemboi alifika ukurasa wa mwisho, akaugeuza nyuma. Ulikuwa mtupu.

"Hujamaliza. Huyu mfalme, walimwua?"

"Hapana," Nderitu alisema. "Mmoja wao alitaja majina ya wenzake. Wakakatwa vichwa wote, hata yeye."