Kitunguu cha Msibani

Vaileth aliposhuka kwenye bodaboda pale Chanzuru, wanawake waliokaa mkekani walinyamaza wapate kumsikia. Binti wa marehemu huanza kulia tangu barabarani. Akifika mlangoni kimya, watu hutazamana. Vaileth alifika kimya. Aliwaamkia, akavua viatu, akaingia kumtazama baba yake, kisha akatoka amekumbatia shuka alizougulia mzee, akaenda kuzifua.

Hakuwa mtu wa machozi. Hata mama yake alipozikwa hakulia, na baba yake, Mzee Yared, ndiye peke yake aliyemwelewa. "Mwacheni," aliwaambia ndugu zake siku ile. "Uchungu wa huyu ni kama maji ya mto wa mchanga. Juu pakavu, lakini ukichimba yapo."

Sasa mtetezi wake alikuwa amelala ndani ya jeneza.

Asubuhi ya mazishi, Shangazi Perpetua, dada wa marehemu, alimvutia nyuma ya jiko.

"Wewe mtoto, unataka kutuua kwa aibu? Unajua wanasemaje? Eti umemtoa baba yako kafara ili chipsi zako za Mikumi zinunuliwe!"

"Shangazi, zinanunuliwa kwa sababu nakaanga vizuri."

"Funga domo!" Shangazi akafungua pindo la khanga, akatoa nusu kitunguu. "Shika. Ukishabeba msalaba, kisogeze machoni. Mara moja tu, watu waone. Usipolia, msalaba atabeba Ditram. Mwanangu anajua kulia."

Kweli, Ditram alijua kulia. Tangu alfajiri alikuwa akigaagaa mchangani, yeye ambaye mjomba wake alipougua hakumpelekea hata kikombe cha uji. Lakini msalaba hubebwa na mtoto wa marehemu, na Yared alikuwa na mtoto mmoja. Kunyang'anywa msalaba mbele ya kijiji kizima ilikuwa sawa na kuambiwa: ndiyo, wewe ndiye uliyemuua.

Vaileth akakitia kitunguu mfukoni.

Ibada ilipokwisha, mchungaji alimkabidhi msalaba. Wabebaji wakainua jeneza. Shangazi Perpetua akaja kumchungulia machoni. Makavu.

"Lete msalaba," akasema kwa sauti. "Ditram, mwanangu, njoo."

"Siutoi."

"Basi lia!"

"Silii. Baba sikumdanganya akiwa hai, ndio nianze leo?"

Minong'ono ikazagaa. Jeneza haliutangulii msalaba, kwa hiyo msiba mzima ukasimama juani. Ditram akaachia kilio kipya, akanyamaza katikati kuangalia kama kuna anayemtazama.

"Mama Ditram," akaita Ulimboka, mbebaji wa mbele, jasho likimchuruzika, "malizaneni basi! Mzee Yared ugali alikuwa anaula, si mwepesi huyu!"

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Shangazi akanyoosha mkono kuushika msalaba. Vaileth akauinua juu zaidi.

"Anayesema nimemuua baba, aje aseme hapa, baba akisikia."

Akangoja. Hakuna aliyesogea. Akageuka, akaanza kutembea, jeneza likamfuata, na wote waliomnong'ona wakalifuata jeneza. Kaburini aliusimika msalaba mwenyewe, akaushindilia udongo kwa viganja vyake mpaka ukasimama wima.

Jioni alikaa jikoni na wapishi. Akatoa kile kitunguu, akaanza kukikatia kwenye sufuria ya maharage. Kilikuwa kikali. Machozi yakamjaa, yakamtiririka mashavuni.

Miko ikasimama sufuriani.

"Jamani, amelia!" Shangazi Perpetua akaita mpaka mkekani wakasikia. "Si niliwaambia? Mwanetu ana uchungu!"

Wanawake wakashusha pumzi. Kulikuwa na huruma sasa katika nyuso zao. Angenyamaza tu, kesho angerudi Mikumi jina lake likiwa safi.

Vaileth alijifuta kwa mkono wenye kisu.

"Ni kitunguu, shangazi," akasema. "Kile chako."

Akaendelea kukata.