Vikaango Ndani ya Oveni

Domitila alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya paa za jirani, lakini yeye alikuwa ameshachwa zamani. Kutwa alikuwa amesimama mbele ya meza ya bati, anajaza nyama kwenye utumbo, anakaza kamba, anajaza, anakaza, maana Krismasi ikikaribia mji mzima wa Toluca hutaka chorizo, na soseji hizo hazijifungi zenyewe. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa pilipili hadi ndani ya kucha. Na pua yake ilikuwa imekufa. Siki, kitunguu saumu na pilipili ya kusaga vilikuwa vimeichoma mwaka baada ya mwaka, hata akawa hasikii tena harufu ya waridi wala ya soksi. Wenzake kazini walikuwa hivyo hivyo, wakalifanya jambo la kuchekea.

Uwanjani alimkuta Bi Chencha, jirani wa ukuta mmoja, mjane aliyekuwa na tabia ya kufagia mahali pasipo na taka ili aone nani anarudi saa ngapi.

"Domi, umerudi wewe au kimerudi kivuli chako?"

"Kivuli, Bi Chencha. Mwenyewe nimebaki kazini."

"Ukizidi kukonda hivyo watakutia wewe kwenye utumbo, wakukaze kamba, tuje tukununue sokoni."

"Mtaambulia mifupa."

"Mifupa ni supu, mwanangu. Hakitupwi kitu."

Domitila alicheka kwa midomo tu, akaingia ndani, akafunga mlango. Asubuhi mlima ulio juu ya mji ulikuwa umeamka na theluji kichwani, na baridi ilikuwa inapenya kila upenyo. Akasukuma tambara chini ya mlango kwa mguu, kama alivyofanya kila jioni ya msimu ule. Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa tangu juzi.

Binti yake Yaretzi, wa miaka kumi, alikuwa mbele ya meza na sweta ya shule, pua imevimba kwa mafua.

"Hata pua ikiwa imeziba najua unanuka chorizo, Mama. Mbwa wa Bi Chencha atakuja kukuposa."

"Akija na mahari mwambie aingie."

"Kaa hapo. Leo napika mimi."

"Utapika nini na makamasi hayo?"

"Molletes. Nimeshanawa. Kaa, nimesema. Jana umelala na kijiko mkononi."

Hilo lilikuwa kweli. Jana Domitila alikuwa ameweka kipaji cha uso juu ya meza ili supu ipoe kidogo, na supu ikapoa mpaka ikaganda. Juzi vilevile. Mtoto alikuwa amemfunika shali, akala peke yake, akamimina chakula cha mama yake kikarudi chunguni. Baba wa nyumba alikuwa dereva wa lori la safari za kaskazini, anaonekana kama mwezi mwandamo, kwa hiyo wa kumwamsha Domitila alikuwa Yaretzi tu, na Yaretzi alikuwa anamwonea huruma.

Lakini wiki hiyo mtoto alikuwa amesikia jambo. Alisikia wanawake wawili dukani wakisimulia jinsi mwenzao mmoja kazini alivyozirai kwa njaa na kuangukia mashine ya kusaga nyama, na kwamba mkono wake ulinusurika kwa kuwa mtu mmoja alikuwa karibu na swichi. Domitila hakuwa amemwambia habari hiyo. Tangu siku hiyo Yaretzi alikuwa na shughuli moja tu moyoni: mama ale kabla hajalala.

"Basi pika," Domitila alisema. "Kikaango bapa, moto mdogo. Mimi nafumba macho kidogo tu."

Kidogo tu. Ni mama gani hajayasema maneno hayo? Akakaa kwenye kiti chake karibu na ukuta, kile chenye mto uliochanika, na hata viatu hakuvua.

Molletes ni chakula cha haraka, ndiyo maana hata mtoto hukiweza. Yaretzi alichukua mikate ya bolillo, ile midogo iliyochongoka ncha mbili, akaipasua kwa urefu. Akachomoa ule ulaini wa ndani kwa vidole, akaurundika kwenye sahani, ili maharage yapate pa kukaa. Maharage ya kuponda yalikuwa kwenye kopo la malai, kama ilivyo kila nyumba, ambapo ukifungua kopo la malai utakuta kila kitu isipokuwa malai. Akapaka maharage kwa mgongo wa kijiko. Akakwangua jibini juu yake. Kachumbari ya nyanya, kitunguu, giligilani na pilipili mbichi ilikuwa tayari kwenye bakuli, imekatwa ovyo lakini kwa upendo.

Kilichobaki ni jibini kuyeyuka. Akaangalia kikaango bapa, akaangalia mikate. Kikaango kilikuwa kinachukua vipande viwili kwa mara moja. Akamgeukia mama yake, akaona kidevu kimeshaanza kuelekea kifuani.

Hapo ndipo akafikiria oveni. Kwa rafiki yake wa shule alikuwa ameona trei nzima ikiingia na kutoka mara moja, jibini linatokota, watu wanakula pamoja. Vipande viwili viwili, mama angekuwa ameshakwenda. Trei nzima, angemwahi.

Sasa, oveni ya nyumba ile haikuwa oveni. Ilikuwa kabati. Usicheke, labda na yako ni hivyo. Mtaa mzima ulikuwa hivyo: ndani ya oveni hukaa vikaango, vifuniko, trei za keki iliyopikwa arusi ya nani sijui, na kile chungu kipana cha Krismasi. Mara moja kwa mwaka, au isiwe hata mara moja, Domitila hutoa vyombo vyote, huvipanga mezani, halafu huwasha njiti, halafu ndipo hufungua gesi. Lakini wakati wa kutoa vyombo Yaretzi hutumwa mkate au nyanya. Alichowahi kukiona ni mwisho wake tu: mama ameinama, mkono kwenye kitufe, njiti chini, moto wa buluu.

Basi mtoto alifanya alichokiona. Akashika kiberiti, akazungusha kitufe, akafungua mlango wa oveni ainame awashe. Na vikaango vikamkodolea macho.

Angezima kitufe, isingekuwa hadithi. Hakuzima. Halikumjia akilini, maana yeye aliona ameshaanza kazi, na vikaango vilikuwa kizuizi tu njiani. Akabana kiberiti kwapani, akaanza kutoa chombo kimoja kimoja. Na kwa kuwa mama amelala, alitoa polepole. Kila kikaango alikinyanyua kwa mikono miwili, akakilaza chini juu ya tambara jingine kama anayelaza mtoto mchanga. Huruma ile ndiyo iliyorefusha muda. Gesi ilikuwa inatoka, mlango umezibwa, dirisha limefungwa. Pua moja ilikuwa na mafua na nyingine ilikuwa imekufa.

Vyombo viliisha. Kilibaki kifuniko kimoja cha aluminiamu, kimesimama wima kwa nyuma. Yaretzi alikivuta kwa ncha za vidole, kikamponyoka. Kikaanguka sakafuni, kikazunguka, kikazunguka, kikapiga kelele kama kengele ya shule, kikatulia.

Domitila alifumbua macho.

Baada ya kelele ile nyumba ilikuwa kimya, na ndani ya kimya alisikia mvumo mwembamba. Kwanza alidhani yuko kazini, maana mashine ya kujazia nyama nayo hupumua hivyo ikiwa tupu. Alikuwa karibu kufumba macho tena. Kisha akaona vikaango vimepangwa sakafuni. Akaona mlango wa oveni uko wazi. Akaona kitufe kimeelekea chini. Mbele ya yote hayo mtoto wake amepiga magoti, njiti imeshagusa ubavu wa kiberiti.

Pua ilikuwa imekufa, lakini masikio yalikuwa hai.

Sauti ilimjaa kifuani, akaizuia. Aliujua mkono wa mtoto: ukishtuliwa huruka. Akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Yare. Usiwashe kwanza."

"Namaliza, Mama. Wewe lala."

"Niletee hicho kiberiti."

"Nikishawasha."

"Niletee, mwanangu. Miguu inaniuma, siwezi kuja huko."

Ni hilo lililomwinua. Amri angeibishia, kama watoto wote. Lakini miguu ya mama kuuma aliijua, ilikuwa ikimuuma yeye mwenyewe moyoni wiki nzima. Akanyanyuka, akavuka jikoni, akamwekea kiberiti na njiti yake kwenye kiganja. Domitila akafumba mkono juu ya kiberiti na juu ya vidole vya mtoto kwa pamoja.

Miguu iliyokuwa haiwezi ikasimama. Akazima kitufe. Taa hakuigusa. Akalivuta tambara la mlangoni, akafungua mlango, akafungua dirisha lililogoma akalipiga kwa ngumi hadi likakubali, akamburuta mtoto hadi uwanjani. Mtungi wa gesi ulikuwa pale nje ukutani. Akaufunga kwa nguvu mpaka kiganja kikachubuka. Kisha akakaa chini kwenye saruji baridi, Yaretzi bado kwapani mwake.

Bi Chencha alikuja na ufagio wake.

"Domi, mbona nyumba yako inanuka gesi mpaka kwangu?"

"Inanuka sana?"

"Inanuka kama lori la gesi lenyewe limeingia kulala humo. Wewe husikii?"

"Mimi sisikii kitu, Bi Chencha."

Mama mzee alimtazama, akamtazama na mtoto, akaweka ufagio chini. "Mmeshakula mkate?"

Maana huko mtu aliyeshtuka haulizwi kwanza kilichotokea. Hupewa mkate mkavu, kabla ya maji na kabla ya maneno, uende ukakae tumboni mahali pa hofu.

"Mkate wote umepakwa maharage," Yaretzi alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

"Wa hofu haupakwi kitu. Huo hautufai."

"Kuna ule wa ndani. Niliutoa. Uko kwenye sahani."

Bi Chencha alingoja upepo upige ndani ya nyumba vya kutosha, akajiziba pua kwa shali, akaingia, akarudi na sahani ya mabonge meupe ya mkate. Akawagawia kama kuku. "Tafuneni. Wewe pia, Domi. Usiniangalie, tafuna."

Wakatafuna. Mkate ulikuwa mkavu, unakwama kooni. Yaretzi akasema kati ya tonge na tonge:

"Nilitaka ule kabla hujalala. Yule mama wa kwenye mashine, alikuwa hajala."

 Domitila alikuwa ameandaa maneno makali, na kofi lilikuwa karibu, nalo likakosa pa kwenda. Akagundua kwamba mtoto alikuwa amemlinda yeye kwa wiki nzima, na yeye hakujua kama kuna zamu.

"Nani kakwambia habari hiyo?"

"Wanawake wa dukani."

"Wanawake wa dukani wafungwe midomo kwa kamba zangu za soseji," alisema, na Bi Chencha akaguna, maana na yeye alikuwa dukani siku ile.

Watu husema ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga nyingi, zote ziko mikononi mwa mama aliyechoka. Mtu anayeishi na oveni ya vikaango na afikirie: siku hiyo vyombo vilimchelewesha mtoto gesi ikijaa, na chombo kimoja kati ya hivyo hivyo ndicho kilichomwamsha mama. Kifuniko kingeangukia kwenye tambara, kisingelia. Na wewe ambaye pua yako imeharibiwa na kazi, usimkabidhi jiko mtoto mwenye mafua ukasema unafumba macho kidogo tu. Uchovu hauji umevaa sura ya hatari. Huja na mto.

Hawakuwasha moto tena jioni ile. Bi Chencha aliitwa ndani, akakaa karibu na mlango uliokuwa wazi, na wote watatu wakala molletes baridi, jibini halijayeyuka, makoti mwilini, pumzi zao zikitoka kama moshi.

"Jibini bichi si baya," alisema Bi Chencha. "Mbaya ni hii kachumbari. Pilipili umeweka ya mtu mzima au ya adui?"

"Ya Mama asilale," alisema Yaretzi.

Domitila alikula vipande viwili, akala na cha tatu, machozi yakimtoka kwa pilipili au kwa lingine, haikuulizwa. Usingizi ulikuwa unamvuta nywele. Alikula hivyo hivyo.

Walipomaliza, Yaretzi akainama kwa mazoea, akashika kikaango cha kwanza akirudishe ndani ya oveni.

"Acha," mama yake alisema. "Humo hakirudi kitu."

"Tuviweke wapi? Hatuna kabati."

Domitila aliangalia jikoni mwake. Lilikuwa dogo, kila pembe ina chake. Macho yake yakatua kwenye kiti karibu na ukuta, chenye mto uliochanika, na mto bado ulikuwa na shimo la mwili wake.

"Viweke pale."

"Kwenye kiti chako? Utakaa wapi ukirudi?"

"Nitasimama na wewe mpaka chakula kiive. Halafu nitakwenda kitandani kama watu."

Mtoto akavipanga pale, kikaango juu ya kikaango, chungu cha Krismasi juu, na kifuniko cha aluminiamu juu ya vyote. Mlango ukabaki wazi kidogo. Baridi iliingia, na hakuna aliyeinuka kuifungia.