Ngao ya Owuor

Sheila alikuja Machochwe siku ya Jumatano asubuhi kwa pikipiki ya kukodi. Mimi nilikuwa shambani, narudishia uzio uliovunjwa na tembo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mbona umekonda? Turwa hawali siku hizi?"

"Tunakula. Wewe ndiye macho yamezeeka."

Sheila ni mtoto wa Owuor, rafiki yangu wa machimboni. Baba yake alifukiwa kwenye duara letu, shimo la kuchimbia dhahabu, mwaka 2004, yeye akiwa na miezi saba. Kalelewa na bibi yake, mama Selestina, huko Turwa, na kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili, mimi huenda kuwasalimia. Huitwa mtu mwema kwenye ile nyumba. Mimi ndiye niliyemleta Owuor nyumbani akiwa amefungwa kwenye turubai.

Alifungua mkoba akatoa kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha kanisani. Nikakijua kabla hajakifungua. Lilikuwa lile gemu la mkononi, la kijivu, kona moja imekwanguka. Owuor alilinunua Sirari kwa Mkenya mmoja aliyekuwa anauza vitu vilivyotumika, likiwa na kaseti moja tu ndani.

"Bibi alikuwa nalo kwenye sanduku," Sheila alisema. "Nimetia betri, linawaka. Lakini sijaligusa zaidi. Fundi simu wa Tarime ameniambia kumbukumbu za hizi kaseti zinashikiliwa na kibetri kidogo cha ndani, na hicho kimeshazeeka. Kikifa, kila kitu kinafutika. Nikibonyeza vibaya pia kinafutika."

"Sasa unataka nini?"

"Unifungulie wewe, ulicheza naye. Nataka kumwona alipofikia, nimpige picha na simu. Mimi baba sina hata picha yake moja ambayo hajasimama kama yuko polisi."

Nikamwambia sawa. Alikuwa anakwenda Ringwani kwenye semina ya akina mama wa kanisa, angerudi Jumamosi. Akaniachia gemu, akapanda pikipiki, akaenda. Nikarudi kwenye uzio.

Nieleze lile gemu. Ni hadithi ya mashujaa wanne wanaotafuta joka kwenye mapango. Unawapa majina mwenyewe, lakini nafasi ni ya herufi nne tu. Duara letu lilikuwa na watu wanne, kwa hiyo tukajiandika sisi: Owuor akawa OWUO, Nyangwine akawa NYAN, Godwin akawa GODW, mimi Waitara nikawa WAIT. Owuor alikuwa amesoma Kenya mpaka kidato cha nne. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Unajua jina lako kwa Kiingereza ni nini? Ni Subiri. Kila mtu anapigana, halafu kuna bwana Subiri."

"Na huyu Godwin?" Nyangwine aliuliza.

"Huyo nusura awe Mungu. Kazidi herufi moja. Ndiyo maana anang'atwa na popo."

Mimi niliacha shule darasa la tano. Maneno mengi ya Kiingereza ninayoyajua nimeyatoa mle: upanga, ngao, pango, kufa.

Tulikuwa tunacheza jioni, jua likiwa bado lipo, maana kile kioo hakina taa. Mimi ndiye nilishika, vidole vyangu vilikuwa vyepesi, wenzangu wanachungulia begani. Sijui nani alianza lile wazo, nadhani Nyangwine. Asubuhi lazima mtu mmoja atangulie kushuka duara. Wa kwanza ndiye anayepima hewa na kugonga matimba, zile nguzo za miti zinazozuia kuta. Hakuna aliyependa kuwa wa kwanza, na kila siku tulikuwa tunagombana. Basi tukakubaliana kwamba shujaa atakayekufa wa kwanza jioni, mwenye jina lake atatangulia asubuhi. Hakuna kugombana tena, gemu limeamua. Watu wa maduara ya jirani walitucheka, lakini kwa miezi miwili tulifanya hivyo, na amani ilikuwepo.

Halafu zikaja mvua za Aprili. Ukuta wa kushoto ukaanza kutoa maji. Shujaa wangu alikuwa dhaifu, alikufa siku mbili mfululizo, na siku mbili mfululizo nilitangulia mimi. Siku ya pili niligonga timba likaingia ndani kama limesimikwa kwenye uji. Nilipanda juu nikasema liko sawa, tukafanya kazi. Sikusema kitu kwa sababu mawe yalikuwa yameanza kuonyesha dhahabu. Wote tuliona ile mistari ya njano. Ningesema, tungefunga duara, na watu wengine wangelichukua.

Jioni ile Owuor alikwenda dukani kununua betri. Wawili wengine walikuwa wanaoga. Nikafungua ukurasa wa vifaa. Nikamvua OWUO ngao, nikamvua vazi la chuma, kofia pia, nikavaa mimi. Halafu nikampanga mbele. Kwenye gemu lile wa mbele ndiye anayepigwa zaidi. Owuor alirudi, tukaingia pangoni, na OWUO akafa kwa mapigo mawili.

"Duh," Owuor alisema. "Leo nimechanika kama nguo ya mtumba." Akanipa mkono, kama tulivyozoea kumpa aliyeshinda. "Haya, kesho mimi."

Nikahifadhi mchezo kwenye jiwe la kuhifadhia mle pangoni, nikazima. Kesho yake saa moja asubuhi alishuka. Ukuta wa kushoto ulimwangukia kabla hajafika chini. Tulimchimbua mpaka saa tisa alasiri.

Vitu vya marehemu huenda na marehemu, kwao ni hivyo, kwa hiyo Nyangwine alilitia gemu kwenye begi la nguo la Owuor. Nilitaka kulitupa mtoni. Ningesema nini kuhusu kulitupa?

Sasa lilikuwa mezani kwangu. Alhamisi mchana nilikaa mlangoni penye mwanga, nikaliwasha. Muziki ukaanza. Nilidhani nimeusahau. Vidole vikajipanga vyenyewe. Mchezo ulikuwepo, haukuwa umefutika, na tulikuwa palepale pangoni: watatu wamesimama, na mmoja ni kivuli cheupe kinachofuata nyuma. Nikafungua ukurasa wa vifaa. OWUO hana kitu. WAIT ana ngao mbili, moja ameishika na nyingine iko mfukoni.

Sheila anacheza magemu ya simu tangu yuko sekondari na Kiingereza anasoma. Angeona ndani ya dakika moja.

Nikajua cha kufanya. Mtu aliyekufa mle huwa anafufuliwa na padri wa mjini, ukimfikisha. Nikaanza kuwatoa pangoni. Popo walituvamia mara nne, GODW akabaki na uhai mdogo, nikakimbia vita ambavyo zamani ningepigana. Nilipotoka nje ya pango mgongo ulikuwa umelowa.

Bhoke, mke wangu, alikuja na ungo wa mtama.

"Mzee mzima unabonyeza kitu cha watoto."

"Niache."

"Ng'ombe wako kwenye shamba la jirani, ujue."

"Nimesema niache, Bhoke."

Alinitazama usoni kwanza, halafu akatazama kile kioo, akaenda kuwatoa ng'ombe mwenyewe.

Nilifika mjini. Padri akasema maneno yake. Kile kivuli kikapata rangi, OWUO akasimama kwenye mstari na wenzake, nywele nyekundu kama tulivyomchagulia. Nikamvalisha. Vazi, kofia, ngao. Nikamrudisha nafasi ya tatu, pa salama. Sasa ilibaki kwenda kwenye nyumba ya wageni, ambako mjini ndiko unakohifadhi, hatua kama kumi. Sheila angekuja, angempiga picha baba yake amesimama na ngao, angenishukuru, ningekula kuku wao tena mwezi wa kumi na mbili.

Niliwafikisha mlangoni pa ile nyumba. Gemu likauliza, ndiyo au hapana. Nikakaa pale, kidole juu ya kitufe. Mara ya mwisho nilikuwa nimempanga yule mtu watu wakiwa hawapo, nikahifadhi, nikazima. Na hapa tena nilikuwa peke yangu, nampanga kama ninavyotaka mimi.

Nikazima bila kuhifadhi.

Usidhani nilijisikia vizuri. Ijumaa nzima nililiangalia kabatini, na mara mbili nililishika nirudie. Nilitamani kile kibetri cha ndani kife chenyewe, nipate kusema ni bahati mbaya.

Jumamosi Sheila alikuja. Nilimwashia mwenyewe, nikampa. Alikaa kwenye kigoda akaanza kupiga picha za kioo kwa simu.

"Kwa hiyo huyu mweupe ni baba. Alikufa mle pangoni. Basi tumfufue?"

"Angalia kwanza vifaa."

Alibonyeza. Nilimwona anasoma. Alirudi nyuma, akasoma tena.

"Mbona hana nguo? Kwenye orodha ni wa kwanza, mlimweka mbele hana hata ngao. Nani anacheza hivi? Na huyu ana mbili. Huyu WAIT ni nani?"

"Ni mimi."

Nikamwambia yote. Jinsi tulivyokuwa tunaamua nani atangulie, ukuta, timba lililozama, betri alizokwenda kununua. Sikuongeza neno la kujitetea, ingawa nilikuwa nayo mengi. Alisikiliza akiwa ameinamia gemu. Kioo kikaanza kufifia, akalizima ili kutunza betri.

"Timba ulijua lilikuwa bovu."

"Nilijua."

"Kwa hiyo gemu si kitu. Ungeweza kusema tu, hata bila gemu."

"Ndiyo."

"Twende kwa bibi," alisema. "Umwambie kwa mdomo wako. Mimi sitakubebea."

Tulifika Turwa saa nane mchana. Mama Selestina alikuwa anapepeta maharage kwenye baraza, miguu imevimba, kaiweka juu ya gunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wuoda." Huniita hivyo, mwanangu, kwa Kijaluo. "Mbona umekuja bila kupiga simu? Sheila, weka chai."

Sheila hakwenda kuweka chai. Alisimama mlangoni. Nikaanza kusema, na ikawa ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu mama hajawahi kuona gemu likichezwa. Ilibidi nieleze kwamba kuna watu wadogo kwenye kioo, na mmoja alikuwa na jina la mwanawe. Aliacha kupepeta.

"Ngoja nielewe. Ulimvua nguo mtu wa kwenye kioo."

"Ndiyo mama."

"Ili afe yeye, na kesho yake Owuor atangulie kwenye shimo."

"Ndiyo."

"Na shimo ulijua lina nini."

"Nilijua."

Akachukua jiwe moja dogo kwenye maharage, akalitupa uani.

"Uliogopa."

"Niliogopa sana."

"Owuor alikujua unaogopa?"

"Sijui mama. Labda. Yeye alisoma Kiingereza, asubuhi ile alilishika gemu kidogo kabla ya kushuka. Pengine aliona. Hakusema kitu."

Hilo nilikuwa sijawahi kulisema hata kichwani mwangu. Mama aliweka ungo kando.

"Ungemwambia unaogopa," alisema. "Angeshuka tu. Alikuwa hivyo tangu mtoto. Ungemwomba, angeshuka, na angegonga hiyo miti yenu akijua anagonga nini."

Aligeuka akamwambia Sheila maneno kwa Kijaluo, marefu, sauti ya chini. Mimi Kijaluo nasikia salamu tu. Halafu akavuta ungo, akaendelea na maharage kana kwamba pale mbele yake hakuna mtu.

Sheila alinisindikiza mpaka barabarani. Gemu lilikuwa mkononi mwake.

"Amesemaje?"

"Amesema uende nyumbani. Usirudi mpaka akuite."

"Na wewe?"

Alitazama barabara. Pikipiki ilikuwa inakuja, akaipungia mkono isimame.

"Mimi kwanza nitamfikisha baba mjini," alisema. "Mwenyewe."

Hiyo ilikuwa mwezi wa sita. Mwezi wa kumi na mbili umepita, sikwenda. Simu naiweka karibu, hata shambani, na Bhoke ameacha kuniuliza nasubiri nani.