Sauti Mbili za Bondeni

Siku ambayo albamu yake ya kwanza ilikuwa itoke saa nne asubuhi, Thuraiya wa Wawi hakuwa studio wala saluni. Alikuwa amevua viatu, anavuka matuta ya mpunga kule Kiuyu, spika ndogo kwapani, na furaha imemjaa. Nyimbo tisa za nyuwevu, ule muziki wa vinanda vya umeme na gitaa la kukatakata, zimeimbwa na mtoto wa Pemba! Nani angeamini?

Ila palikuwa na jambo. Wimbo wa kwanza ulibebwa na sauti ya bibi yake. Msimu uliopita, Bi Ghaliya akiwa juu ya dungu lake la miti, anapiga debe na kufukuza ndege wasimmalizie mpunga, Thuraiya alimrekodi kwa simu bila kumwambia. Prodyuza wake, Nizar wa Unguja, akaizungusha sauti ile juu ya kinanda, na hapo ndipo albamu nzima ilipopata roho. Sasa Nizar anangoja neno moja tu ili aitoe mtandaoni: rusha. Thuraiya hathubutu kulisema bila radhi ya bibi. Bibi akikataa, wimbo unafutwa, na albamu bila wimbo huo ni chai bila sukari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, njukuu wangu," aliitikia Bi Ghaliya, akishuka dunguni. "Mbona mbio, waja na habari ya posa?"

"Kubwa kuliko posa. Sikiliza kwanza, halafu unipige."

Akabonyeza. Kinanda kikapanda, debe likaingia, kisha sauti: "Hooo! Ondokani!"

"Yarabi! Si mie huyo?" Tabasamu la Bi Ghaliya lilikuwa limefika nusu ya uso, likakwama. Kwenye spika sauti nyingine ilikuwa inajibu: "Haaa! Rudini kwenu!"

"Na huyo ni Siti!"

Thuraiya alitamani tope limmeze. Alisahau vipi? Bi Siti, mwenye jaruba la ng'ambo ya mfereji, hasemezani na bibi mavuno ya tatu haya, kila mmoja akidai kwamba mwenziwe akifukuza ndege huwaelekeza kwake. Siku ile ya kurekodi Thuraiya alisimama tuta la katikati, na Nizar, mtu wa mjini, akadhani wale ni waimbaji wanaopokezana. Kupokezana wapi! Walikuwa wanagombana.

"Mie simpi hata salamu, weye waniweka naye ndani ya nyimbo moja?"

Kabla hajajibu, maji ya mfereji yalisikika yakirushwa. Bi Siti huyo, kanga kaikunja magotini, anakuja mzima mzima. Majaruba yote mawili yamebaki bila wa kufukuza, na ndege wameshashuka kula.

"Nani kanitia kwenye mashine?"

Thuraiya akapiga magoti topeni. "Ni mimi, bibi. Nimekosa. Naomba radhi zenu nyote wawili. Mkisema hapana, naufuta sasa hivi." Alimaanisha, ijapokuwa machozi yalikuwa karibu.

Bi Siti akamtazama, akaitazama spika. "Hebu rejea pale ninapojibu."

Thuraiya akafungulia sauti yote. Bonde likatetema. Ndege wakaruka kutoka majaruba yote mawili, wakapita juu ya vichwa vyao na kupotelea msituni, wasielekee kwa mtu. Bi Siti akacheka hadi akashika mbavu. Bi Ghaliya alikuwa ameinua kidole, anasikiliza.

"Hapo Siti kakatwa," bibi alimwambia Thuraiya. "Akiita huvuta sauti hadi pumzi iishe."

"Muulize bibi yako," alisema Bi Siti, naye kwa Thuraiya, "kumbe huwa ananisikiliza?"

"Mwambie, masikio niyapeleke wapi?"

Simu ikalia. Nizar alikuwa anapiga kelele kwamba saa nne hiyo, arushe au asirushe?

"Ngoja!" Thuraiya naye akapiga kelele, anacheka na kulia. "Kuna mahali umekata. Tunarekodi upya!"

"Radhi ushaipata," alisema Bi Ghaliya. Akapanda dungu, akamnyooshea mkono Bi Siti, akamvuta juu. Thuraiya akainua simu kuelekea kwao. Bi Ghaliya akalishika debe lake, akalitazama kidogo, kisha akalisukuma mbele ya mwenziwe. Kwa mara ya kwanza katika mavuno matatu, akamtazama usoni.

"Anza weye, Siti."