Bi Mkubwa Anatanguliza Mwezi

Mume wangu alikuwa anapiga pasi shati lake la kazini, simu kaibana kwa bega. Nikamsikia akisema, "Bi Mkubwa habadiliki hata umfanyeje. Bi Mdogo naye ana yake. Ukiwaweka pamoja ni vurugu tupu. Vumilia kidogo, wiki hii nitawapatanisha."

Nilikuwa chumba cha pili nashona, pini mdomoni, nusura niimeze. Bi Mkubwa nilimjua, maana ni mimi, nani mwingine? Huyo Bi Mdogo ndiye niliyetaka kumwona sura. Na kicheko kilichotoka kwenye simu kilikuwa cha kike, tena cha kudeka.

Nina wivu, sifichi. Wanaonicheka hawajaolewa na mwanamume anayejipulizia manukato kwenda kukaa mbele ya kompyuta. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja, nami sikuwa tayari kulisubiri lije. Nikaliacha gauni la mteja na mkono mmoja, nikajitanda khanga, nikamfuata kazini.

Ofisi yao ni chumba kimoja, nyaya zimetambaa sakafuni, feni inalia kwa kila mzunguko. Nikasimama mlangoni. "Nimekuja kumsalimia Bi Mdogo. Mimi ndiye Bi Mkubwa."

Kisha jamaa mmoja mnene, wanayemwita Nukta, akaangua kicheko mpaka akavua miwani. "Shemeji, karibu kiti! Wake wenza wenyewe hawa hapa," akasema, akigonga kompyuta.

Mume wangu akainamisha kichwa kwa aibu. Nukta ndiye aliyenieleza. Wanaunganisha kumbukumbu za chanjo za zahanati mbili. Mfumo wa zamani, Bi Mkubwa, hutanguliza mwezi. Ule mpya, Bi Mdogo, hutanguliza siku. "Andika nne, mkwaju," akachora kistari cha mshazari hewani, "kisha tisa. Huyu anasoma tarehe tisa mwezi wa nne, yule tarehe nne mwezi wa tisa. Mtoto anachanjwa siku siyo, na hakuna anayejua. Afadhali ishirini na tano, hiyo inajiumbua yenyewe, maana hakuna mwezi wa ishirini na tano."

Nilicheka na wao. Nilijiona mjinga, na sijawahi kuufurahia ujinga wangu kama siku ile.

Ila pale kwenye kioo, nne-mkwaju-tisa ilijipanga mstari baada ya mstari. "Na hii ni ya nani?" nikauliza.

"Ya majaribio tu. Mumeo ndiye aliyeichagua," akasema Nukta, bado anafuta miwani. "Siku ya kuzaliwa ya dada yetu huyu anayetukagulia kazi. Tarehe nne mwezi wa tisa. Anasema hiyo hawezi kuikosea."

Dada mwenyewe alikuwa meza ya dirishani. Alikuwa amecheka kuliko wote, na kicheko kile nilikuwa nimeshakisikia asubuhi. Sasa akaanza kupanga kalamu zake.

Jioni mume wangu aliwahi kurudi. Hata viatu hajavua, akaanza kujitetea. "Mama watoto, usianze tena. Ilibidi iwe tarehe isiyozidi kumi na mbili, ndizo zinazochanganyika. Ya ndoa yetu ni ishirini na tano, haifai kwa majaribio."

"Sawa," nikasema. "Mama yako alizaliwa tarehe mbili mwezi wa saba. Mwanao tarehe kumi mwezi wa tano. Hazikufaa?"

"Ni kazi tu, mke wangu."

"Na mimi je? Nilizaliwa lini?"

Akaangalia pasi iliyokuwa bado mezani tangu asubuhi.

"Tarehe sita," akasema polepole. "Mwezi wa tatu."

Nikavuta kiti, nikalichukua lile gauni la mteja, nikaanza kulitia mkono wa pili. Nilizaliwa tarehe tatu, mwezi wa sita.