Maharage Kitaluni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mapema asije mtu akanisaidia kulisema. Niliingia ofisini kwa mkuu wa kitengo nikiwa na barua moja inayotaka sahihi moja. Nikatoka nimekumbatia rasimu nzima ya kitabu cha darasa la tano, kalamu nyekundu imekaa sikioni, na ile barua nimeiacha humohumo ndani, haijaguswa.

Kazi yangu ni kutunga mitaala ya kilimo kwa shule za vijijini. Ofisini wananiita Bwana Shamba, na wanaliita kwa kucheka, maana shamba langu ni kopo la rangi lililowekwa dirishani, limeota kitu ambacho hata mimi mtaalamu sijui ni nini. Dirisha lenyewe lilipakwa rangi likiwa limefungwa, rangi ikakauka, na tangu hapo halifunguki. Ukitaka hewa unatoka nje kuifuata.

Zamani nilikuwa mwalimu wa kijijini, mwenye tope kwenye viatu na chaki kwenye nywele. Nikaitwa makao makuu nije kusaidia kidogo. Hilo kidogo ndilo limenitoa upara. Mke wangu, ambaye tulisoma naye chuo kimoja cha ualimu wa kilimo na alikuwa ananishinda somo la udongo, yeye alibaki shuleni. Mimi naandika, yeye anafundisha nilichoandika, na tunaonana likizo kama watoto wa bweni.

Sasa mwenzake wa somo la kilimo akastaafu. Mwalimu mkuu wa pale, mtu muungwana, akaniwekea nafasi. Akasema anachohitaji ni barua ya kuachiwa na ofisi yangu, isainiwe, ipigwe picha, itumwe kwa simu kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa. Ikipita hapo, kuna kijana mwingine kashasimama mlangoni na vyeti vyake kwapani. Mke wangu aliposikia alinunua shuka mpya. Hakuniambia, niliambiwa na binti yetu.

Ijumaa ndiyo siku ile.

Mkuu wa kitengo chetu ni mama mmoja mpole, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi. Jina lake la pembeni ni Kulabu. Hapandishi sauti hata siku moja, lakini akikushika hutoki.

"Karibu, Bwana Shamba," akasema. "Leo umechana nywele."

"Zilizobaki, mama. Nimefuata ile barua."

"Ile barua! Nimeisoma. Umeiandika vizuri mpaka nikataka kulia. Kaa basi."

"Nikikaa sitainuka, mama. Nakujua."

"Haya, simama. Ngoja nitafute kalamu."

Akainuka, akaenda kabatini, akanipa mgongo, anapekua mafaili kama mtu anayetafuta sindano. Mimi nimesimama, mikono nyuma. Na mezani, imegeuzwa iangalie upande wangu, palikuwa na rasimu imefunguliwa. Sikutaka kuisoma. Lakini mwambie fundi cherehani asiangalie pindo lililofumuka kwenye nguo ya jirani yake.

Imeandikwa: Mwanafunzi asie mbegu za maharage kitaluni, kisha ahamishie miche shambani itakapofikia kimo cha kiganja. Na picha juu yake: mtoto anachekelea, anang'oa mche wa maharage kama anang'oa karoti.

Maharage! Kitaluni! Nyanya nakubali, kabichi nakubali. Maharage unayafukia palepale yatakapokaa mpaka uvunaji. Ukiyang'oa na kuyahamisha yanasusa, na watoto wataambiwa ni wavivu.

"Mama, hii kaandika nani?"

"Vijana wapya," akajibu huku kichwa kiko kabatini. "Inaenda kiwandani kuchapwa Jumatatu."

"Iende wapi?"

"Sasa nani wa kuipitia? Wewe si unatuacha?" Akageuka, akaninyooshea mkono. "Kalamu hii hapa. Nimeipata."

Ningeshika mkono wake, nikaiongoza ile kalamu mpaka kwenye barua, ingekuwa hadithi nyingine. Nilichokifanya ni kuichukua kalamu kutoka vidoleni mwake. Nikakaa.

Ukurasa uliofuata ulisema mbolea mbichi ya kuku iwekwe shinani pa mche, ili upate joto. Utapata joto kweli, utaungua. Uliofuata ulimwambia mtoto amwagilie bustani jua likiwa utosini. Kila nilipofunua nikasema huu ndio wa mwisho, na kila ukurasa ukanitolea ulimi. Chai ikaletwa, ikapoa, ikaondolewa. Kulabu alisema kitu kuhusu kikao cha nje, nami nikaitikia "ndiyo mama" kama mtoto anayeitikia usingizini.

Nilipoinua kichwa kiti chake kilikuwa kitupu, mkoba haupo. Katibu muhtasi wake amesimama na funguo.

"Bwana Shamba, nafunga. Toka na rasimu yako."

"Na barua yangu?"

"Ipo kwenye droo ya mama, kaifungia. Kasema Jumatatu."

"Mama mwenyewe?"

"Kashaondoka na gari. Simu huwa anazima akiwa kwenye kikao."

Nikarudi kwenye chumba chetu cha kazi. Mle nakaa na mchoraji wa vitabu, kijeba mmoja tunayemwita Wino, kwa sababu mikono yake haijawahi kuwa safi. Akaangalia nilichokumbatia, akaacha kuchora.

"Aisee. Umeingia tena."

"Nimeingia wapi? Kuna vijana wanataka kuua somo zima. Maharage wameyapeleka kitaluni!"

"Najua. Nimeyachora mimi."

"Umechora na unajua ni makosa?"

"Nilimwambia Kulabu, mama, maharage hayaendi kitaluni, hata bibi yangu angecheka. Akaniambia, 'Mwanangu, nina shahada ya mazao. Chora.'"

Nikakaa juu ya meza, maana kiti kilikuwa mbali.

"Hakuna vijana wapya, ndugu yangu," akaendelea, sasa anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Umemwona nani mpya humu ndani? Unakumbuka ulipoomba likizo ndefu, ukakutana na rasimu yenye jogoo anayetaga?"

"Yule naye?"

"Yule nilimchora kwa mapenzi. Nilimpa na kiota."

"Na hukuniambia!"

"Ukiondoka, nitakaa na nani humu? Na lile kopo?"

Ningemrushia kitu, lakini mkononi nilikuwa na rasimu tu, na rasimu siwezi kuirusha. Hapo ndipo nilipojiona. Nikampigia Kulabu; simu imezimwa. Nikampigia tena, imezimwa. Mlinzi akaanza kupita korido akigonga milango, "Tunafunga, wakuu, tunafunga." Nikasukuma dirisha nipate hewa, nikasahau kwamba halifunguki.

Ndipo simu ikalia. Mke wangu.

"Baba watoto, picha ya barua iko wapi? Mwalimu mkuu ameniangalia mchana kutwa kama vile mimi ndiye ninayeizaa."

"Mke wangu, kuna jambo limetokea."

"Mkono wake umekataa kusaini?"

"Hakukataa."

"Basi amesaini."

"Hakusaini."

Nyuma yake nilisikia ndoo zinagongana, watoto wanachota maji ya bustani. Nikamweleza yote, maharage, mbolea, kalamu. Nilieleza kwa mbwembwe, nikitarajia kicheko, maana vichekesho vyangu ndivyo vilivyomfanya akubali kuolewa. Wino mwenyewe akacheka upya. Yeye hakucheka.

"Mwalimu mkuu ameshafunga ofisi," akasema. "Yule kijana anaanza Jumatatu. Nimemwona, ana heshima."

"Nimetegwa, mama watoto! Nimekwambia ulikuwa mtego."

"Mtego gani huo? Kuna aliyekushika mkono?"

"Hukuiona ile rasimu. Pale nilijua watoto wa nchi nzima watang'oa maharage yao! Mtu mwenye dhamira angefanyaje?"

"Angesaini kwanza. Halafu angekuwa na dhamira."

"Usinichukulie mzaha. Kosa kama lile siwezi kuliacha lifike darasani. Siwezi. Nani mwingine angeliona?"

"Kumbe ni hilo." Sauti yake ikatulia, kama anavyotulia mbele ya darasa linalopiga kelele. "Kitabu cha darasa la sita aliandika nani?"

"Si unajua. Mimi, jalada mpaka jalada."

"Mada ya kupanda uliiweka muhula gani?"

"Wa pili."

"Na huku kwetu mvua ya kupandia inanyesha muhula gani?"

Nikaangalia kopo langu. Wino naye aliacha kucheka, akajifanya anachonga penseli.

"Wa kwanza," nikasema.

"Wa kwanza. Muhula wa pili ardhi inakuwa ngumu kama sakafu. Kila mwaka nakifungua kitabu chako katikati, nafundisha kupanda, halafu ndio narudi ukurasa wa kwanza. Hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyepanda vumbini."

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Ningekuambia ungekaa huko kukirekebisha."

"Lakini mama watoto, unaona sasa, ndiyo maana lazima mtu abaki huku asahihishe—"

"Kitabu chako nimekisahihisha peke yangu miaka yote hii," akasema. "Na ndoa nayo unataka niisahihishe peke yangu?"